Farasi wa Mia Nne

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni nje ya makumbusho ya mitambo ya maji, nimeshika ndoo tupu, na mbele yangu hakuna mtu hata mmoja. Nyuma pia hakuna. Hata hivyo nilisubiri, kwa sababu mimi ni mtu wa foleni na sipendi watu wanaojipenyeza. Baada ya kama saa nzima nikafika mbele.

Mlangoni amekaa mlinzi, bwana mrefu aitwaye Kisabo. Jina lake limeshonwa kwenye kofia. Anaichukua ndoo yangu, anaitoboa kitakoni kwa mashine ya tiketi, ananirudishia.

"Sasa itavuja," nikamwambia.

"Itavuja, ndiyo. Hiyo ni tiketi ya kuingia."

Niseme kwanza kwa nini nilikwenda na ndoo hata usingizini. Nyumba yangu ni ya mwisho mlimani. Bomba tunalo, koki tunayo, ila maji hayajapanda tangu mwezi uliopita, mwezi uleule baba yangu alipohamia kwangu. Kila siku nateremka kisimani bondeni na kupandisha ndoo nne, moja moja, kichwani. Mimi silalamiki, au tuseme nalalamika njiani na nikifika nyumbani nanyamaza. Baba ndiye anayeumia. Ana miaka themanini na moja, masikio yake hayasikii vizuri, chakula kikiiva unamwita mara nne, lakini ndoo ikitua chini anaisikia. "Mwantumu," ananiambia kila jioni, "mbili kati ya hizo ni zangu." Jana akasema basi. Asubuhi anarudi bondeni kwa kaka yangu, ambako kisima kiko uani. Akafunga begi, akaviringisha sabuni yake ya mche kwenye gazeti na kuitia juu ya nguo. Baba akishafunga sabuni, safari haina mjadala tena. Nikaenda kulala. Sikutaka aende.

Basi, Kisabo ananisomea masharti kutoka kwenye kibao cha ukutani. Usiguse mtambo. Usiulishe mtambo. Tunza ukimya. Alipofika kwenye hilo la tatu akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kanga, akanipakatisha. Kilikuwa kizito kidogo, cha uvuguvugu, na kinapumua.

"Nini hiki?"

"Ukimya. Utautunza mpaka utakapotoka. Ukiamka, umbembeleze. Usiongee kwa sauti, utavunjika, na makumbusho hayana mwingine."

"Unakula nini?"

"Hauli. Saini hapa."

Nikasaini.

Ndani ndimo ulimo mtambo. Ni ghorofa tatu za chuma cheusi na shaba iliyosuguliwa mpaka unajiona umenenepa. Gurudumu lake peke yake lingejaa uani kwangu, nisipate pa kuanika hata leso. Juu kabisa, karibu na dari, umelala mkono mkubwa wa chuma, upande mmoja umeinuka na mwingine umeinama. Kifuani una kibao: Bibi Zamoyoni, mtambo wa mvuke wa kusukuma maji, nguvu za farasi mia nne, umestaafu.

"Shikamoo, Bibi," nikanong'ona.

"Mara," akasema, na mkono wa chuma ukapanda juu polepole, ukatulia, ukashuka. "Haba."

Ndivyo alivyoongea muda wote, nusu ya neno akipanda na nusu akishuka. Mimi nitaandika kwa mkato, maana tukimfuata yeye tutakesha.

"Umetoka wapi?"

"Mlimani, Bibi. Nyumba ya mwisho."

Geji zake zote za kupimia mvuke zikanigeukia kwa pamoja. "Aa. Ni wewe unayewafungia wageni mlango."

Hilo liliniuma. Nikamweleza, kwa kunong'ona lakini kwa ukali, kwamba nyumbani kwangu mgeni hula mpaka afungue kifungo cha suruali, na aulize mtaa mzima.

"Kisabo," akasema Bibi, "mwite Maji."

Nageuka kumtazama Kisabo, na ukumbi umeshakuwa jiko langu. Masufuria yangu yale, kalenda yangu ile, na Bibi Zamoyoni, ghorofa zote tatu, amesimama kati ya kabati la vyombo na mtungi wa gesi. Dari haijasema kitu.

Mlangoni pakatokea bwana mwembamba amevaa koti refu linalochuruzika, na mabuti ya mpira yaliyompita ukubwa. Alisimama nje ya kizingiti mpaka Bibi alipomruhusu kwa geji. Ndipo akavua mabuti, akayapanga vizuri, ncha zikitazama ndani, akaingia peku.

"Huyu ndiye Bwana Maji," akasema Bibi. "Soma."

Bwana Maji akatoa daftari lililolowa, akaanza kusoma kama anayesoma barua ya msiba. "Jumatatu, alfajiri. Nimepanda mlima wote. Nimepiga hodi ya kwanza, kimya. Nimepiga ya pili. Mwenye nyumba ametoka chumbani, amenisonya, amenikazia koki usoni. Jumanne, vilevile. Jumatano, vilevile, ila alisonya mara mbili."

Nikakumbuka. Kila nikienda kulala naiacha koki wazi makusudi, ili maji yakija niyasikie. Alfajiri hukohoa na kupuliza, fyuu, inatulia kidogo, halafu fyuu tena. Nami huamka, nasema huu ni upepo tu, naikaza na kurudi kitandani. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Si ungeingia tu, Bwana Maji?"

"Kwenye nyumba ya watu?" akauliza, akamtazama Bibi kama anayetaka kutetewa.

"Nimemsomesha mwenyewe," akasema Bibi. "Anapiga hodi tatu. Akikaribishwa anaingia. Asipokaribishwa anarudi, wala hakasiriki. Wale wanaoingia bila hodi wanaitwa mafuriko, na hao hawakupita kwangu."

Nikamwomba radhi. Nikamweleza habari za baba, ndoo mbili, begi, na sabuni iliyomo ndani ya gazeti. Nikamwambia aje alfajiri hii, mara moja tu, nitamwitikia hodi ya kwanza, na kifungua kinywa nitakitayarisha.

Bwana Maji akafunga daftari. "Nimehamishiwa bondeni, mama, kuanzia leo. Ni haya magoti." Akapandisha suruali akanionyesha. Kweli yalikuwa yanavuja. "Mlima ule siuwezi tena kwa miguu."

"Ningempandisha mimi," akasema Bibi Zamoyoni, "kama farasi wangu wangetimia."

Nilipochungulia dirishani, farasi walikuwa uani kwangu, wamekaa kwenye mabenchi wanakunywa chai ya mapumziko, na aliyevaa miwani anaita majina. Walifika mia tatu tisini na tisa. Wa mia nne ameomba ruhusa, anamwoza binti yake.

"Hakuna safari," akasema yule wa miwani, akipiga kwato kwenye kibao cha Bibi. "Hapa pameandikwa mia nne."

"Mmoja tu?" nikauliza.

"Hata angepungua nusu. Kibao ni kibao."

Mimi ni mtu wa kufuata taratibu na sikuweza kubishana naye. Lakini nilimwona baba mbele yangu na begi lake mkononi, na kabla sijafikiri nikasema, "Nijazieni mimi hiyo nafasi."

Farasi wa miwani alinitazama miguu, akanizunguka, akanitazama tena. "Una uzoefu?"

"Ndoo nne kila siku, kutoka kisimani mpaka nyumba ya mwisho."

"Unabeba wapi?"

"Kichwani."

Farasi mmoja akaweka kikombe chini. "Hata sisi hatubebi kichwani," akasema, akanisogelea kunipa mkono, tukakubaliana nishike kwato.

Nikaufunga ukimya mgongoni kwa kanga, nikapewa kamba begani na kibati cha namba mia nne. Kisabo akavua kofia, akaanza kutupa makaa kwenye jiko langu la mkaa, na jiko likanyoosha mdomo likayapokea yote. Mvuke ukapanda, unanukia chai ya tangawizi. Bibi Zamoyoni akavuta pumzi, na vyombo vyote kabatini vikaenda upande wake.

"Vu," akasema, na mkono wa chuma ukapanda. "Ta."

Tukavuta. Gurudumu likagoma, likakuna kichwa, likazunguka robo. Tukavuta tena. Likazunguka nusu, likakumbuka ujana wake, halafu likaenda lenyewe, nasi tunalikimbilia nyuma mpaka kibati changu kinapiga kelele kifuani. Mafuta yanacheka kwenye vikombe vyake vya shaba. Jengo lote linapanda na kushuka, masufuria yangu yanapanda na kushuka, na mimi nimo, nakanyaga pamoja na farasi waliozoea kazi, wala sipitwi hata hatua moja. Sikumbuki ni lini nimefurahi kiasi kile. Mgongoni ukimya ulikuwa umeamka na unacheka bila sauti.

Bwana Maji aliketi ndani ya ndoo yangu iliyotobolewa, amekunja miguu, na ndoo ikapandishwa kwenye bomba kama bwana harusi. Haikuvuja hata tone, maana yeye mwenyewe aliziba tundu kwa kukalia. Kila alipopita nyumba ya jirani aliwapungia mkono. Akapita kwa mama Hiba, akapita kwa fundi viatu, akapita kwenye ule mteremko ambao mimi hupumzika mara mbili.

"Nyumba ya mwisho," akatangaza farasi wa miwani, na mtambo ukasimama.

Ndani ya koki sauti ikasema kwa adabu, "Hodi."

Nikafungua mdomo. Kisabo akaweka kidole chake midomoni, akaonyesha mgongo wangu. Nilikuwa nimesaini. Nikiongea kwa sauti ukimya utavunjika.

"Hodi," ikasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Farasi mia tatu tisini na tisa wananitazama. Bibi Zamoyoni ameniinamia, geji zake zimesimama. Namwona baba anachukua begi. Nikasema moyoni, nisamehe, mtoto wa watu, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo na kumkaribisha Bwana Maji kwa nguvu zangu zote, na sauti haikutoka.

Nikaamka, mdomo wazi.

Kulikuwa kunapambazuka. Jikoni koki ilipuliza, fyuu, ikatulia. Nilijua ni ya tatu kwa sababu mbili za kwanza nilikuwa nimeshazisikia. Nikaruka, chandarua kikanishika miguu yote miwili, nikaanguka juu ya mkeka. Nilijaribu kuita nikiwa palepale chini, lakini sauti ilikuwa bado imebaki kule makumbusho. Koki ikawa kimya. Nikaona sasa anageuka, anarudi zake bondeni na magoti yale, na baba yangu nyuma yake.

Ndipo nikasikia mtu jikoni anasema, "Karibu. Karibu ndani, mlango uko wazi."

Koki ikakohoa, ikatema, ikatema tena, kisha nikasikia sufuria inajaa.

Nilipofika, baba alikuwa amesimama na fulana na kikoi, mikono yote miwili chini ya maji, anacheka peke yake. Begi lake lilikuwa juu ya kiti, limefunguliwa. Gazeti lilikuwa mezani, na sabuni anayo.

"Baba, umesikia?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa imerudi, imekwaruza.

"Mtu anapiga hodi humu tangu mwezi uliopita, nitaachaje kusikia? Kila siku anapiga, wewe unatoka unamsonya. Nikasema labda wanajuana."

"Kwa nini hukumwitikia siku zote hizo?"

Baba aligeuza sabuni mikononi. "Mimi ni mgeni hapa, Mwantumu. Mgeni hakaribishi mgeni. Leo nikaona naondoka, acha nimtendee wema."

Nikalia, nisifiche. Nikamwambia nyumba hii ni yake, na jiko, na koki, na yeyote atakayepiga hodi ni wa kwake kumkaribisha. Nililisema kwa sauti ya kumwita chakula, ili nisirudie mara nne. Baba akatazama maji yanavyotoka. Akatazama begi.

"Basi lirudishe juu ya kabati," akasema. "Mimi silifikii. Acha nioge."

Nikalichukua begi haraka kabla hajabadili mawazo. Nilipokuwa napita, akaniita.

"Na huyo mgeni mwambie ayasogeze mabuti yake pale mlangoni. Nilipoamka nimejikwaa nusura nianguke."

Sikuwa nimemsimulia ndoto hata neno moja. Nikaenda kutazama. Mabuti hayakuwapo. Kwenye sakafu kavu ya kizingiti zilikuwapo nyayo mbili za maji, kubwa kuliko za mtu yeyote wa nyumba hii, zimepangwa vizuri, ncha zikitazama ndani.