Zege la Wanajeshi

Uwanja ule mdogo wa ndege ulijengwa na wanajeshi wakati wa vita, tena mbiombio, wakamwaga zege hata juu ya mahandaki yao wenyewe. Ndiyo maana kila asubuhi mkaguzi wa njia ya kurukia ndege, mama mjane asiye na mchezo, aliitembea akigonga zege kwa nondo na kutega sikio.

Asubuhi ile, katikati ya njia, zege lilitoa sauti ya mtungi mtupu. Akagonga tena, sauti ileile. Akaegesha gari la ukaguzi hatua chache kabla ya pale ili ndege isitue, akautaarifu mnara wa kuongozea ndege kwa redio.

Meneja wa uwanja akaja mbio, tai ya shingoni ikimpeperukia begani. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na tangu mazishi walichukiana waziwazi.

"Toa gari! Waziri yumo kwenye hiyo ndege."

"Kuna handaki hapa chini, shemeji. Mvua imelifumua."

"Kazini mimi si shemeji yako! Miaka yote ndege zinatua, leo ndiyo umeota handaki? Unataka kuniaibisha tu. Kaka alikudekeza, mimi sikudekezi. Toa gari, au kazi huna."

Mama aliushika ufunguo wa gari. Mshahara ule ndio uliowalisha yeye na mama mkwe, mama wa huyuhuyu bwana mkubwa ambaye hajawahi kumpelekea mzazi wake hata kilo ya sukari. Juu, ndege ilikuwa ikizunguka. Mwongozaji wa ndege mnarani aliuliza redioni kwa mara ya pili kama njia iko salama.

Mama akamtupia meneja ufunguo kifuani.

"Kazi chukua. Gari litoe mwenyewe. Lipitishe hapo mbele, juu ya hilo zege, watu wote waone mimi ni mwongo."

Meneja aliingia, akabamiza mlango, akawasha. Akalitazama zege. Akatazama mnara, ambako watu walikuwa wamejazana dirishani. Jasho likamtoka. Kisha akakata usukani, akashuka nyasini, akalizunguka zege kwa mbali huku gari likirukaruka kwenye mashimo.

Mama alicheka kwa hasira, peke yake katikati ya njia. Redio ikakwaruza mkononi mwake. Safari hii mwongozaji hakuuliza mtu.

"Rubani, usitue," alisema. "Rudi ulikotoka."