Wimbo wa Ndani

"Zuhura kauza nyimbo za mwali. Kesho zinasomwa redioni, wanaume wote wasikie."

Wanawake walisema hivyo bombani. Mwanahawa alikinga maji yake akaondoka, lakini maneno yalimng'ang'ania kama kishonanguo kwenye khanga. Alitua ndoo nyumbani, akapanda na maneno yale mlimani hadi shambani kwa bintiye.

Zuhura alikuwa akipalilia karoti, midomo ikicheza. Ndivyo alivyotunga tangu amalize darasa la saba: jembe likipanda, neno, likishuka, neno. Hakufundishwa na mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeandika mambo ya mwali?"

"Nimeandika."

Mwanahawa akaketi palepale, juu ya karoti. "Umeniua! Yale huimbwa mlango umefungwa. Mjomba wako Mwinjuma, mgawaji wa ardhi ya ukoo, akisikia, shamba hili linarudi kwenye ukoo. Utapalilia wapi? Redioni?"

"Redioni hakuna magugu, mama."

"Cheka tu! Nyimbo zetu zisikiwe hadi na wakulima wa mpunga wa Dakawa?"

"Hamna wimbo hata mmoja. Sikiliza."

Zuhura akaegemea jembe, akaitoa hadithi kichwani. Mwali yumo ndani, gizani. Nje ngoma inarindima, wanawake wanacheza. Lakini nyuma ya ukuta wa udongo mtu mmoja hachezi. Analia kidogo kidogo, khanga mdomoni. Kisha anapenga kamasi, anarudi ngomani akipiga vigelegele kuwashinda wote.

Ukungu ulikuwa umeteremka, matuta ya juu hayaonekani tena.

"Ulinisikia?"

"Ukuta ule mwembamba, mama."

Mwanahawa aling'oa gugu. Akang'oa jingine, likatoka na karoti changa, akaishika tu mkononi.

"Wimbo hamna kweli?"

"Hamna."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Aliapa, na bado usingizi haukumjia mama mtu. Asubuhi alimsindikiza Zuhura, anayekwenda kusoma redioni, hadi njia panda ya kushukia Mlali, akamshika mkono, hamwachii.

"Usiimbe, hata mtangazaji akubembeleze vipi. Usitaje ukoo. Usimtaje mjomba. Usiseme ilikuwa nyumba ya nani. Usipite mtoni, mawe yana utelezi. Usile vya njiani."

Zuhura alishaanza kuteremka, kilemba chake kikizama kwenye ukungu, mama alipopaza sauti:

"Na pale anapolia, usisome harakaharaka!"