Mlio wa Laptopu ya Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, na ofisi yake ilikuwa meza ya sebuleni kwa mama. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga ng'ambo ya barabara, lakini kwao palikuwa padogo, kwa hiyo kila asubuhi alivuka. Aliingia bila hodi, akabonyeza kitufe cha laptopu, kisha akaenda uani kunawa uso, maana ile laptopu ilikuwa nzito kuamka kuliko yeye mwenyewe. Feni yake ilivuma kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mama akiusikia ule mvumo kutoka jikoni alijua nani amefika.

"Umeshaingia?"

"Nimeshaingia."

Basi, salamu zao zilikuwa hizo. Mengine waliyamaliza kwenye chai.

Alikuwa na tabia moja ya kazi ambayo mafundi wenzake waliicheka. Hakuandika vipimo. Alisema mtu aliye juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika tepu na wa pili umeshika ukuta, atashika kalamu kwa meno? Kwa hiyo simu ilikaa kwenye mfuko wa shati ikirekodi, naye akatamka: dirisha la jikoni, upana kadhaa, kimo kadhaa, ukuta umepinda upande wa kushoto. Jioni alizihamishia zile sauti kwenye laptopu, akazisikiliza upya huku akichora. Tulizoea kumsikia akijisikiliza. "Huyu jamaa ana maneno mengi," alikuwa akisema, kana kwamba ni mtu mwingine.

Alifariki kwa homa iliyoanza kama mchezo. Simu yake ilipotea hospitalini katika ile hamkani, na hatukuipata tena. Nyumbani, watu walitoa vyombo sebuleni ili waombolezaji wapate pa kukaa, na katika kubeba meza mtu aliiangusha laptopu. Siku ile hakuna aliyeijali. Watu walipotawanyika tuliirudisha meza pale pale na laptopu juu yake. Nilipoiwasha ilivuma, ikaleta ile alama ya mwanzo, ikaganda. Nikaizima. Ndani yake ndimo ilimokuwa sauti yake yote iliyosalia duniani, na picha zote za mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa.

Ilichukua muda kabla sijapata nguvu ya kuipeleka kwa fundi. Wifi yangu, mke wa marehemu, akasema tutakwenda wote. Tulimwacha mtoto kwa mama.

Duka la kwanza lilikuwa na muziki mkubwa na kijana mchangamfu. Aliiwasha, akaitazama, akaipapasa kama anayepapasa tikiti maji.

"Dada zangu, hii ni kazi ndogo. Naipiga programu upya, mnaondoka nayo leo leo inawaka kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?" nikauliza.

"Vilivyomo vinafutika. Lakini si itawaka?"

Wifi aliivuta laptopu kutoka mikononi mwake kama anayepokonya mtoto kisu. Tulipotoka nje akasema, "Yule angepewa mgonjwa, angemponya kwa kumbadilisha mtu."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu msiba, na nilijisikia vibaya papo hapo.

Fundi wa pili watu walimwita Polepole. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Mezani palikuwa na taa ya kunyumbuka, visahani vya skrubu, na maganda ya laptopu yaliyopangwa kama vitabu. Hakuiwasha. Alituuliza kwanza tunataka nini, laptopu au vilivyomo.

"Vilivyomo," tukasema kwa pamoja.

"Basi tusikiguse kitufe."

Aliigeuza kifudifudi, akafungua skrubu moja moja, akachomoa betri, kisha akatoa diski, kitu cha ukubwa wa kiganja. Aliiunganisha kwa waya na kompyuta yake, akainamisha sikio. Nasi tukasikia. Ta. Ta. Ta. Kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha.

"Hizi za zamani ndani zina kisahani kinachozunguka na kijiti kinachosoma," alisema. "Ikianguka, kijiti kinaweza kugusa kisahani. Kila ukiwasha, kinakwaruza. Ilianguka lini?"

"Wakati wa msiba," nikasema. "Lakini tangu siku ile imekaa tu. Niliijaribu mara moja, nikaiacha."

"Dada, hii haijakaa tu. Mikwaruzo kama hii ni ya kitu kinachowashwa kila mara."

Nilikuwa nafungua mdomo kubisha. Wifi akaniwahi, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mama anaiwasha."

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi, wifi? Wewe unatoka alfajiri kwenda kazini. Mimi ndiye ninayempelekea mtoto. Nimemkuta zaidi ya mara moja. Anabonyeza, anarudi jikoni, anaisikiliza ikivuma. Ikichoka kuvuma anakuja kuizima. Ningemwambia nini?"

Polepole alijifanya anatafuta bisibisi.

Nilimwona mama akilini, na kanga yake begani, akibonyeza kwa kidole gumba kama alivyomwona mwanawe akifanya, kisha akienda zake jikoni kugeuzia sebule mgongo. Kila asubuhi alikuwa akimsikia mwanawe akiingia, na kila asubuhi kile kijiti kilikuwa kikimkwaruza.

"Inasomeka," Polepole alisema baada ya muda. "Kwa shida, lakini inasomeka. Sikilizeni, dada zangu. Sitawadanganya. Hii diski inakata roho. Inaweza kufika mwisho, inaweza kufia njiani. Siwezi kuchukua vyote kwa mkupuo. Niambieni nianze na nini."

Kwenye kioo cha kompyuta yake yalionekana mafolda mawili: moja la picha, moja la sauti za kazi.

"Sauti," nikasema.

"Picha," wifi akasema.

Tukatazamana. Mimi na wifi tumetaniana tangu siku alipoolewa, amekula vyangu na mimi nimevaa vyake, lakini siku ile tulitazamana kama watu wanaogombea kiti kimoja.

"Wifi, mama haombi kitu kingine," nilisema. "Anataka kumsikia tu. Umesema mwenyewe, anasikiliza feni. Feni! Mtu mzima anakaa kusikiliza feni."

"Najua."

"Picha hata majirani wanazo. Tutaomba."

"Majirani wana picha za harusi. Za yeye na mtoto ziko humu peke yake." Sauti yake haikupanda. "Mama ana miaka yote ya mwanawe kichwani, na wewe una yako. Mimi hata usingizini namsikia. Mwanangu ana nini? Juzi nilimwonyesha ile picha ya kitambulisho, akaipa mgongo. Anadhani baba ni neno la kuimba."

Polepole aliondoa mikono kwenye kibodi, akasubiri. Ta. Ta. Nilitaka mtu mwingine aseme. Nilimtaka kaka mwenyewe aseme, na ingekuwa ajabu, maana angesema kwa mzaha, "Anzeni na chai, msinisumbue."

"Anza na picha," nikasema.

Wifi hakusema asante. Alinishika mkono, akaukaza mpaka pete yake ikaniuma.

Picha zilihama taratibu. Kila moja ilijitokeza kidogo pembeni mwa kioo kabla ya kupita: kaka amelala kochini na mtoto kifuani kama paka, kaka akimvisha soksi kichwani, mkono wa kaka tu, na ndani yake mguu mdogo. Wifi alikuwa akizitaja kwa sauti ya chini. Hii siku alipong'ata kidole. Hili shati nimeligawa. Nyingine zilikataa, fundi akaziruka, akazirudia, baadhi zikakubali. Zilipokwisha alivuta pumzi, akabonyeza folda la sauti.

Ile ta, ta iliharakisha. Kisha ukaja mlio mwembamba kama wa mbu. Kisha kimya. Polepole alichomoa waya, akauchomeka, akaiacha diski ipoe, akajaribu tena, akaibadilishia waya. Alijaribu mpaka nikamwonea huruma.

"Imekwenda," alisema.

"Hata moja?"

Alitazama kilichowahi kuhama. Kulikuwa na majina mengi yasiyo na kitu ndani. Moja lilifunguka.

Kwanza kilisikika kishindo cha ngazi ikiegemezwa. Halafu kaka, karibu kabisa, akipumua kwa pua. "Dirisha la chumba cha mama. Upana..." Tepu ikajirudisha kwa kelele, akasonya. Kwa mbali sauti ya mama: "Utaanguka wewe, shuka ule kwanza." Naye: "Mama, unanivuruga hesabu." Halafu upana, kimo, na neno "umepinda". Ikaishia hapo. Lile dirisha hakuwahi kulitengeneza.

Wifi alifunika uso kwa mtandio. Polepole akainuka, akatoka nje akasema anakwenda kuangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Aliporudi alituwekea vyote kwenye flashi. Akalishika lile ganda la laptopu, akauliza kama tunaliacha. Anao wateja wa vioo.

"Ikirudishiwa betri bila diski, itafanya nini ikiwashwa?" nikamuuliza.

"Haina kazi tena, dada. Taa itawaka, feni itazunguka, basi. Italalamika kwamba haioni diski."

"Na kuwashwa huko kutaharibu kitu?"

Alinitazama, akaelewa. "Hakuna cha kuharibu humo."

"Basi ifunge. Tunaondoka nayo."

Nyumbani mama alisikiliza ile sauti kwenye simu yangu, ameishika kwa mikono miwili. Alisikiliza tena, na tena. Alipofika kwenye "unanivuruga hesabu" midomo yake ilikuwa ikitangulia maneno. Kisha akauliza nyingine ziko wapi.

"Ni hiyo tu, mama."

"Ziliharibiwa na nini?"

Wifi alikuwa anamfuta mtoto pua. Hakuinua kichwa.

"Ilianguka," nikasema. "Walipokuwa wanatoa meza."

"Ilianguka vibaya," wifi akaongeza.

Mama akatikisa kichwa. "Watu hawaangalii wanapobeba," akasema. Akaipangusa laptopu kwa upindo wa kanga, akairudisha mezani, mahali pake.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kutoka. Nilikuwa koridoni, viatu mkononi, niliposikia kitufe kikibonyezwa. Feni ikaanza kuvuma. Mama alipita mbele yangu bila kuniona, akaingia jikoni, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Umeshaingia?" akasema, kwa sauti ya chini, akiwa ameupa mlango mgongo.

Kwenye kioo cha laptopu palikuwa na mstari mmoja wa maneno meupe. Sikuvaa viatu mpaka alipokuja kuizima.