Swali la Sura ya Mwisho

Sura ya mwisho ilirudishwa mara ya tatu Jumamosi asubuhi, na safari hii mwandishi aliirusha juu ya kabati la vyombo, ikatua kati ya chupa ya chai na masufuria. Alikuwa amechoka na mapenzi, amechoka na majambazi, na zaidi ya yote amechoka na mhariri wake, mwanamke mwenye upole wa kukera.

"Muuaji kakamatwa," alimfokea kwenye simu. "Wamevishana pete. Hata mvua uliyoitaka nimeinyesha. Unataka nini tena, dada?"

"Nataka nifurahi. Huyu mpelelezi kamdanganya binti wa watu miezi mitatu, kajifanya fundi umeme, kaingia mpaka jikoni kwake. Binti anagundua, anasema 'yameisha', wanafunga ndoa. Mimi naiogopa ndoa hiyo kuliko muuaji."

"Amemsamehe kwa sababu anampenda."

"Amemsamehe kabla hajamuuliza. Nakungoja mpaka Jumatatu asubuhi. Ukishindwa, nampa mtu mwingine aimalizie."

Mtu mwingine! Kitabu cha miaka miwili, aje mtu baki amwozeshe binti yake. Mwandishi akakaa, akaandika, akafuta. Mara binti analia, mara anamzaba mpelelezi kofi, mara mpelelezi anapiga magoti, jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakuliamini hata kidogo. Kila alipotaka binti aulize, kalamu iligoma, maana hakujua mwanamume aliyeficha jambo hujibu nini.

Hakujua kwa sababu naye hakuwahi kuuliza. Mwaka juzi mumewe alipunguzwa kazini, na kwa wiki tisa aliendelea kuamka mapema, kupiga pasi shati, kubeba mkoba na kuaga. Mwandishi aliambiwa na jirani, kwenye ngazi, mbele za watu. Jioni ile mume alipofungua kinywa tu, yeye alimkatiza: "Yameisha." Alijiona muungwana, na ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Mume alishapata kazi nyingine, lakini hadi leo akiaga asubuhi, mkewe husikiliza viatu vyake mpaka ngazi ya chini kabisa.

Hasira zikampanda upya, wala si kwa mhariri. Akaandika ukurasa mmoja kwa pumzi moja. Yeye huandika kwa mkono na mumewe ndiye humchapia, basi akampelekea sebuleni, akarudi jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Vibonye vya kompyuta vililia kidogo, vikakoma. Mume akaja na karatasi mkononi.

"Mke wangu, hapa umekosea. Binti anauliza, 'Kila asubuhi uliponiaga, ulikuwa unakwenda wapi?' Lakini hawa hawajawahi kukaa nyumba moja. Mpelelezi hajamuaga hata siku moja."

"Najua."

Mume aliusoma tena mstari ule, taratibu.

"Na chini yake hakuna jibu," alisema.

"Sina. Nilimkatiza."

Alivuta kigoda, akakaa, karatasi imekunjamana kwenye goti.

"Nilikuwa nakwenda maktaba," alisema. "Meza ya dirishani. Siku ya kwanza nilitaka kukwambia nikirudi, nikakukuta umeshanitengea maji ya kuoga, unaniuliza kazi ilikuwaje." Akainyoosha karatasi kwa kiganja. "Na sura yako? Jumatatu hiyo inakuja."

Mwandishi aliufunga mfereji ili asikie vizuri.

"Iache ingoje," alisema. "Ukanikuta nimekutengea maji. Halafu?"