Kiza Nyuma ya Bibi Maryamu

Huwaida alijitakia mwenyewe. Nani aliyempokea Shatha, binamu yake kutoka Sur, akampa chumba nyumbani kwake Nizwa, kisha akawa anampakia kwenye gari lake kila Jumamosi hadi Al Hamra kujifunza kuchora kwenye shaba? Si yeye? Na sasa Bi Kaltham, mwalimu wao, hakuwa na jina mdomoni ila Shatha.

Walipewa kuiga picha ya dini ya Ulaya ya karne ya kumi na saba: Bibi Maryamu kampakata mwanawe, kiza kimewazunguka. Unalipaka bamba la shaba nta, unakwaruza mistari kwa sindano, halafu unalizamisha kwenye tindikali. Palipokwaruzwa huliwa, na kadiri panavyoliwa ndivyo wino unavyokuwa mweusi. Pasipoguswa hubaki weupe wa karatasi, na huo ndio mwanga. Picha moja tu ingetundikwa kwenye maonyesho ya Nizwa, na Huwaida aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha usingizi.

Maryamu wa Shatha alikuwa hai. Wa Huwaida alikaa kama mtu anayengoja zamu hospitali.

Adhana ya Alasiri ikaita bamba la Shatha likiwa ndani ya tindikali. Siku zile Huwaida hakuwa akisali.

"Da Huwaida, nimeitega simu; ikilia nitolee bamba. Likizidi litaharibika."

"Nenda, habibti."

Simu ikalia. Huwaida akaizima. Kwa wivu akasimama akitazama mapovu yakipanda huku roho yake ikiburudika. Aliposikia viatu mlangoni ndipo akalitoa, akaliosha.

Bi Kaltham akalipaka wino, akazungusha mashine, akafunua karatasi. Mistari ilikuwa imelana ikawa weusi mtupu, mzito kama wanja, na katikati yake uso wa Maryamu, ambao sindano iliupitia kidogo tu, ulikuwa unawaka.

"Kiza hichi kakufundisha nani, mwanangu?"

"Wallahi sijui, Bibi. Mie nilikwenda kusali tu."

"Basi hii ndiyo ya maonyesho, khalas. Mashaallah!"

Darasa zima likaitikia. Shatha, aliyeogopa jicho la husuda tangu utotoni, akamgeukia binamu yake.

"Da Huwaida, na wewe sema basi."

Huwaida aliitazama picha. Hajapata kufanya kazi nzuri kuliko kiza kile, na hakuwa na wa kumwambia. Akasema mashaallah kwa moyo wote, asije akakitia jicho kiza chake mwenyewe.