Wala kwa Kumtuma Mtu

Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu. Mke wa mwanawe alichungulia, akatazama kwanza ngazi zilizokuwa nyuma ya mama mkwe wake.

"Umekuja peke yako, mama?"

"Peke yangu, mwanangu."

Mama huyo alikuwa mshona mashuka wa hospitali, mjane, na ndiye pekee aliyeonyeshwa chumba hiki kipya. Tangu mahakama imwamuru mwanawe aondoke kwa mkewe, kijana alikuwa akilala sebuleni kwa mama, mpole kupita kiasi. Asubuhi ile alimsihi amfikishie mkewe salamu za radhi. Halafu, akifungua kamba za viatu ili alale baada ya zamu ya usiku, akaongeza: aulize na mtoto siku hizi anatoka shule saa ngapi.

Alipokaribishwa ndani na kuketi, aliufikisha ujumbe wote, neno kwa neno. Mkwewe hakupandisha sauti. Alileta karatasi yenye muhuri, akaeleza kwamba nakala ziko shuleni, kazini na kwa jirani wa mkabala, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: asimkaribie wala kuwasiliana naye, yeye mwenyewe wala kwa kumtuma mtu.

"Huyo mtu ni wewe, mama."

Mama alihisi uso ukimchoma. Akanung'unika kuwa karatasi haijawahi kuzuia ngumi.

"Haizuii," mkwewe alikubali. "Ndiyo maana nimehama. Lakini zamani nikiwaita polisi walisema ni ugomvi wa ndani, tukayamalize wenyewe. Sasa akivunja amri, wanamkamata."

Mama aliusoma tena ule mstari. Juzi, akiwa jikoni, alimsikia mwanawe akimwambia mtu kwenye simu kwamba akimkosa mke, basi na mke atamkosa mtoto. Alikuwa ameongeza sauti ya redio. Siku mbili nzima alijiambia kuwa hasira ni maneno tu, kama alivyojiambia miaka yote ya marehemu mumewe, huku akificha michubuko yake ndani ya mikono mirefu ya gauni.

"Kamchukue mtoto," alisema, akiinuka. "Sasa hivi. Usingoje kengele."

Kituoni, askari aliandika maelezo ya mama taratibu, bila kuinua macho. Akauliza mtuhumiwa ni nani wake.

"Nimemzaa."

Kalamu ilisita. Na kwa sasa yuko wapi?

Mama alitaja mtaa, namba ya nyumba, na kochi lililo chini ya dirisha. Kisha akafungua mkoba, akauweka ufunguo juu ya kaunta.

"Msivunje mlango," alisema. "Hushtuka akiamshwa ghafla. Tangu utotoni."