Mstari wa Katikati

Jumamosi ile ya Novemba 1993 theluji ilianguka polepole juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya Hadley Grove, Iowa, Marekani, kulikuwa na joto la kulevya. Harufu ya bisi ilitanda mpaka darini. Mwalimu Orval Tesdahl aliketi kwenye benchi lake la miaka thelathini na minne, akaona watu na taa na mpira vikielea mbele yake kama vitu vilivyo chini ya maji. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na hofu tu.

Miaka yote hiyo wasichana wa Iowa walicheza mpira wa kikapu kwa namna yao: watatu wa kufunga upande huu, watatu wa kulinda upande ule, na mstari wa katikati havuki mtu. Mlinzi akinyang'anya mpira aliufikisha mstarini, akampa mfungaji, basi. Aliweza kumaliza shule bila kutupa hata mpira mmoja kikapuni mbele za watu. Mwaka huu wakubwa wamefuta yote hayo. Sasa ni watano kwa watano, na uwanja mzima ni wa kila mtu.

Joleen Brekke, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho shuleni, ndiye mlinzi bora ambaye Mwalimu alipata kumfundisha. Lakini tangu mazoezi yaanze, kila akifika mstarini na mpira, miguu inagoma. Alhamisi Mwalimu alimwambia, kwa sauti ile ya upole iliyofanya nusu ya mji impende, kwamba akisimama tena atamketisha benchi msimu mzima. Hofu ya Mwalimu ilianzia hapo, kwa maana mguu ule aliufundisha kusimama yeye mwenyewe.

Kipindi cha tatu cha mechi Joleen aliuchomoa mpira mikononi mwa mpinzani kama anayechukua mali yake. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akaudunda, akakaribia katikati.

"Simama!" mama yake, Arlys, alipiga kelele kutoka jukwaa la watazamaji, kisha akajiziba mdomo.

Joleen alisimama, ncha ya kiatu ikiugusa mstari. Mwalimu akageuka kutazama jukwaa, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: wanawake wote wa makamo walikuwa wameegemea nyuma, nyayo zimekaza sakafuni, kila mmoja kama aliyesimama mstarini pake bila kujijua. Karibu wote aliwafundisha yeye. Kwa kitambo akawaona wamerudi usichana, wamejipanga katikati ya uwanja, mikono juu, wanangoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza wanangoja nini.

Akaomba mchezo usimame dakika moja.

"Nikae, Kocha?" Joleen aliuliza, macho chini.

"Ngoja. Unajua huo mstari uliwekwa kwa nini?"

"Si sheria tu?"

"Wazee wa zamani walisema moyo wa msichana hauwezi kukimbia uwanja mzima. Eti mtazimia."

"Mimi? Mimi ninayepandisha marobota ya nyasi ghalani tangu nina miaka tisa?" Wenzake wakacheka, naye akacheka. Kisha akaacha. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Si unatufundisha historia, Kocha? Hiyo mbona hukutufundisha?"

"Mchezo ulikuwa mtamu, Joleen. Niliona nikisema nitauharibu. Nikanyamaza, na nilikosea."

Joleen akarudi uwanjani. Mpira uliofuata alivuka nao mstari bila hata kuangalia chini, akautupa, ukagonga ukuta mbali kabisa na kikapu mpaka wapinzani wakaangua kicheko. Akarudi mbio kulinda. Alipita mbele ya benchi bila kumtazama Mwalimu, nayo ilimuuma mzee yule, na papo hapo alifurahi kuliko alivyofurahi siku nyingi.

Walifungwa kwa pointi kumi na moja. Watu walitoka kwenda kupasha moto magari yao. Arlys alibaki, amesimama mstarini na mabuti yake ya theluji. Huyu alikuwa mlinzi wa timu ya mwaka 1968, na kifungua mimba wake alimpa jina la Orval.

"Joleen ameniambia," alisema. "Hata enzi zetu ulijua?"

"Hata enzi zenu, Arlys."

Mwalimu alingoja atukanwe. Arlys alivua koti, akalitupa kwenye benchi la Mwalimu.

"Lete mpira."

Akavuka na mabuti yale yale, akiacha madimbwi kwenye mbao ambazo Mwalimu hakuruhusu zikanyagwe na kiatu cha nje. Akatupa, akakosa. Mpira ukabingirika chini ya jukwaa. Mwalimu, na magoti yake mabovu ya miaka sitini na mitatu, akatambaa kuutafuta, akamletea. Arlys akakosa tena.

"Tena," akasema, naye Mwalimu akaukimbilia.